Fremu ya Droni ya Mbio: Ijenge Kama Baiskeli ya Boda ya Busia

Msee wa Busia ama Malaba, kama kuna mtu Kenya hii anafaa kuelewa mambo ya fremu, ni wewe. Neno "boda boda" lenyewe limetoka hapo kwenu mpakani. Kuanzia miaka ya 1960, abiria alikuwa anashukishwa upande mmoja, alafu anabaki na mguu wa kutembea na mizigo hadi geti la upande ule mwingine. Vijana wakaona doo iko hapo. Wakafunga kiti cha sponji kwa karia ya baiskeli, wakaanza kubeba watu kutoka boda hadi boda. Jina likashika, sai hata pikipiki ya Mombasa inaitwa hivyo.

Kilichofanya hiyo biashara isimame ni ile baiskeli, Black Mamba. Ilikuwa inabeba uzito ambao aliyeichora hakuufikiria, na ikivunjika, fundi wa kando ya barabara anairudisha kazini kabla jioni ifike.

Sasa kuna vijana wanataka kuunda droni za mbio, zile ndogo unarusha ukiwa umevaa miwani ya video na unaona kila kitu kama uko ndani yake. Huu mchezo una doo. Machi 2016 huko Dubai, kijana wa Uingereza anaitwa Luke Bannister alishinda World Drone Prix na akabeba dola 250,000. Alikuwa na miaka 15. Mwaka wa 2018, mashindano ya dunia ya FAI yalifanyika Shenzhen, China, na bingwa akawa Rudi Browning wa Australia, naye akiwa na miaka 15.

Lakini hakuna anayejifunza huu mchezo bila kuanguka, na anaanguka mara mingi. Kama fremu yako ni mbovu, kila ajali ni kukaa wiki ukingoja parseli. Kama umeiunda vizuri, unakaa chini ya mti dakika 10 na unarudi hewani. Hii makala ni ya kukuonyesha venye inaundwa, kipande kwa kipande.

DRONI YA MBIO INA NINI NDANI

Droni ya mbio ya kawaida inaitwa "ya inchi 5", juu propela zake zina kipenyo cha inchi 5, yaani milimita 127. Iko na mota 4, propela 4, bodi ya kurusha (ndiyo ubongo), bodi ya kugawia mota umeme, kamera ya mbele, kifaa cha kutuma video, risiva ya rimoti na betri ya lithiamu. Hivyo vyote vimeshikwa na fremu.

Fremu yenyewe ni vitu vitano tu: mikono 4, sahani ya chini, sahani ya juu, vinguzo vya kutenganisha hizo sahani, na skrubu. Rahisi hivyo. Ngori iko kwa maamuzi: unene gani, umbo gani, na nini kivunjike kwanza.

Ndiyo, kivunjike kwanza. Shika hapo, tutarudi.

AJALI INA NGUVU GANI?

Tufanye hesabu ya form two. Chukua droni ya gramu 600 ikienda mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa. Kwa mbio hiyo ni spidi ya kawaida. Nusu mara 0.6 mara 30 mara 30 inakupa jouli 270.

Hiyo ni sawa na kudondosha gunia la sukari la kilo 50 kutoka urefu wa sentimita 55 hivi. Sasa fikiria hilo gunia linatua kwa ncha ya kipande cha kaboni chenye upana wa sentimita moja. Hakuna fremu nyepesi ya kubeba hiyo kila siku bila kuumia. Kwa hivyo usijidanganye unaunda kitu hakivunjiki. Unaunda kitu kinavunjika kwa adabu.

SOMO LA BLACK MAMBA

Angalia ile baiskeli vizuri, iwe ni Raleigh ya Uingereza, Hero ya India ama Phoenix ya China. Fremu ni mabomba ya chuma yameingizwa kwa soketi na kuunganishwa na shaba. Gurudumu ni inchi 28. Breki ni vyuma virefu, si waya. Ni nzito, si ya kuringa nayo. Lakini ina tabia nne ambazo mbunifu yeyote anafaa kuiba.

Kwanza, vipuri vyake vinafanana. Spoki ya jirani inaingia kwa yako. Nati zake zinafunguliwa na spana chache ambazo kila fundi ako nazo.

Pili, vitu vya bei ya chini vinaumia kabla ya vitu vya bei ghali. Spoki inakatika, karia inapinda, pancha inaingia. Fremu inabaki.

Tatu, unaweza kufikia kila kitu. Kubadilisha cheni hakukulazimishi ufungue usukani.

Nne, watu wa hapo wameiongezea. Waendesha boda waliimarisha karia, wakaweka kiti, wakaweka mahali pa abiria kuweka miguu. Na si wao peke yao. Watu wenye ulemavu wanaofanya biashara ya kuvusha mizigo Busia wametumia baiskeli za magurudumu 3 za kuzungusha kwa mikono, na fremu zake zinabeba mzigo kando na mwenyewe. Hiyo ni injinia ya mtaa, na imelisha familia miaka na miaka.

Kuna tofauti moja kubwa, na ndiyo inabadilisha kila kitu. Chuma kinapinda, na kikikatika unakichomelea. Kaboni haipindi na haichomelewi. Ikifika mwisho inapasuka, basi. Kwa hivyo kwa droni, "kurepea" maana yake ni kutoa kipande kibaya na kuweka kizuri. Na kama hukupanga hivyo siku ya kuchora, hakuna fundi atakusaidia siku ya ajali.

UTAUNDA NA NINI?

Kaboni. Hii ndiyo inatumika na karibu kila mtu kwa mbio. Ni nyuzi za kaboni zimelalishwa tabaka juu ya tabaka na kushikwa na resini. Ni ngumu na ni nyepesi: sentimita moja ya ujazo ina kama gramu 1.6. Lakini ina mambo mawili lazima ujue. Inapitisha umeme, kwa hivyo waya ukichubuka na ugusane na fremu, bodi zinaungua. Na inazuia mawimbi ya redio, kwa hivyo antena haifichwi ndani yake.

Alumini. Inapatikana kwa kila mtu wa madirisha. Lakini ina gramu 2.7 kwa kila sentimita ya ujazo, na ikigonga inapinda na kubaki imepinda. Mkono uliopinda kidogo unaangaliza mota upande, na droni inapigana na yenyewe hewani. Itumie kwa vinguzo, si kwa mikono.

Plywood. Usicheke. Plywood nzuri ya milimita 3 ni njia poa ya kujaribu mchoro kabla hujanunua kaboni. Unakata na msumeno mdogo, unatoboa, unapanga vitu vyote uone kama vinaingia. Ikikosa, umepoteza kipande cha mbao tu.

Plastiki ya kuchapishwa kwa printa ya 3D. Kwa mikono ni laini sana. Lakini ile aina inanyumbulika kama raba, inaitwa TPU, ni bora kwa kushika kamera, antena na kufunika ncha za mikono. Inapokea kigongo na kurudi sawa.

UMBO NA VIPIMO

Umbo la kawaida ni X. Mota 4 ziko kwa pembe za mraba, na bodi ziko katikati. Kuna X ya kunyooshwa, ambayo mota za mbele na za nyuma zimeachana zaidi kuliko za kushoto na kulia. Marubani wengine wa mbio wanaipenda kwa kona za spidi, juu propela za nyuma hazivuti sana hewa iliyochafuliwa na za mbele. Kama ni fremu yako ya kwanza, enda na X ya mraba. Sababu ni moja: mikono yote 4 inaweza kufanana kabisa.

Saizi inapimwa kutoka mota moja hadi ile ya kona ya pili, kimshazari. Tuseme ni milimita 220. Ukitaka kujua umbali kati ya mota mbili za upande mmoja, gawanya 220 kwa 1.414. Unapata 155.6. Toa kipenyo cha propela, 127, inabaki milimita 28.6 kati ya propela na propela. Hapo iko sawa. Ukibana hadi 200, nafasi inashuka hadi milimita 14 hivi. Bado haigusani, lakini mkono ukitingika ama propela ikipinda kidogo, hapo umekaribia hasara.

Vipimo vya kushika kichwani:

Mota za inchi 5 (zile zimeandikwa 2207 ama 2306) nyingi zina mashimo 4 ya skrubu za M3 kwa mpango wa milimita 16 kwa 16. Hizo namba, by the way, ni za ndani ya mota: 2207 ni kipenyo cha milimita 22 na urefu wa 7.

Bodi za umeme zina mashimo ya milimita 30.5 kwa 30.5, ama 20 kwa 20. Toboa zote mbili kwa sahani yako. Siku bodi ya aina moja ikikosekana, unaweka ile ingine. Hiyo ndiyo akili ya spoki ya jirani.

Sahani za juu na chini: milimita 2 hadi 2.5 zinatosha. Vinguzo: milimita 20 hadi 25.

MKONO NDIO KAFARA

Sasa turudi kwa ile story ya nini kivunjike kwanza. Panga hivi: propela iende kwanza, ikifuatwa na mkono. Mota ikiumia iwe ni bahati mbaya. Bodi, kamera na kifaa cha video visiguswe kabisa. Hiyo ni orodha ya bei kutoka chini kwenda juu, na fremu yako inafaa kuiheshimu.

Kuna fremu zenye mikono 4 imekatwa pamoja kama kipande kimoja. Ni nyepesi na ni ngumu. Lakini mkono mmoja ukipasuka, unatupa kitu chote, na lazima ufungue kila bodi. Ni kama kubadilisha baiskeli juu ya pancha. Chukua mikono ya kutoka, kila mmoja peke yake.

Mkono wa kutoka una faida ingine haizungumziwi sana. Kaboni ina nguvu kufuata njia ya nyuzi zake. Ukikata mkono peke yake unaweza kuulaza ili nyuzi nyingi ziende kutoka katikati hadi kwa mota. Ukikatwa vibaya, nyuzi zikipita kimshazari, huo mkono utapasuka mapema hata kama ni mnene.

Unene je? Hapa kuna siri ya hesabu. Ugumu wa kupinda unaenda na unene mara unene mara unene. Mkono wa milimita 4 ni 64, wa milimita 5 ni 125. Yaani umeongeza uzito kwa asilimia 25 lakini ugumu umekaribia mara mbili. Mkono wa urefu wa milimita 100, upana 12 na unene 5 una gramu 9.6 tu. Yote minne ni kama gramu 38. Kwa anayeanza, milimita 5 ni mahali poa. Ukitaka kuvumilia zaidi, 6.

Ugumu si wa ajali peke yake. Mkono laini unatingika, bodi ya kurusha inadhani droni inayumba, inaanza kurekebisha kitu hakiko, na mota zinapata moto bure.

Mambo matatu ya kuchora kwa mkono:

Mashimo yasikaribie ukingo. Kutoka katikati ya shimo hadi ukingoni iwe mara 2 hadi 3 ya kipenyo cha shimo. Kwa skrubu ya M3 hiyo ni milimita 6 hadi 9. Mikono mingi inakatikia hapo kwa shimo, si katikati.

Kona za ndani zisiwe kali. Zungusha. Kona kali ndiyo mlango wa ufa.

Ncha ya mkono ipite mota kwa milimita moja ama mbili. Ukuta ukija, ugonge kaboni kabla ya mota.

Alafu hakikisha mikono yote 4 ni sawa, na kila mmoja unaweza kugeuzwa uingie kushoto ama kulia. Ukibeba mkono mmoja wa akiba, umejikinga kona zote.

SKRUBU: HAPA NDIPO WATU WANACHOMA

Fremu nzuri inafunguliwa na vyombo vichache. Skrubu zote ziwe M3. Kama zina kichwa cha mviringo, spana ya aleni ya milimita 2 inafungua zote. Nati ya propela ni M5 na inataka spana namba 8, ile ya kawaida ya baiskeli na pikipiki. Vyombo viwili na droni nzima iko mezani. Ukianza kuchanganya M2, M2.5 na M3, siku moja utakuwa kwa shamba na spana isiyofaa.

Tumia skrubu za chuma kigumu, zile za daraja la 12.9. Za alumini ni nyepesi na zina rangi tamu, lakini kichwa kinakwisha meno haraka, na kuitoa ni shida.

Urefu wa skrubu ya mota ni unene wa mkono ukiongeza milimita 2 hadi 3. Kwa mkono wa milimita 5, chukua M3 ya urefu wa 8. Ikizidi inaingia ndani na kugusa waya za shaba, na mota inaungua ukiiwasha mara ya kwanza. Ukibadilisha mikono ya 5 na ya 4, badilisha na skrubu pia. Hii imeua mota mingi.

Skrubu za mota zipake tone la gundi ya skrubu ya bluu. Ya nyekundu wacha, hiyo hutaifungua. Na hiyo gundi isiguse plastiki, kuna plastiki inaipasua.

Kuna nati za kugandishwa ndani ya sahani. Ni safi kwa macho, lakini ikianza kuzunguka ndani ya shimo, sahani ndiyo imeumia. Nati ya kawaida yenye nailoni ndani unaitoa na kuweka ingine bila kuumiza kitu. Kwa droni ya kujifunza, chagua ya kawaida.

KATIKATI: LINDA VITU VYA BEI

Mikono ikutane kwa sandwichi: sahani moja juu yake, ingine chini, na kila mkono ushikwe na skrubu mbili. Skrubu za mikono zisiwe zile zile zinashika bodi. Ukifuata hiyo sheria moja, utabadilisha mkono bila kugusa bodi hata moja.

Waya za mota zipite juu ya mkono, zimezungushiwa selotepu nyeusi ya fundi wa stima. Waya unaoning'inia utakatwa na propela. Ukiacha waya kidogo wa ziada, unaweza kutoa mkono ukiacha mota imeunganishwa, hakuna haja ya kulehemu.

Bodi zikae kwa raba ndogo ili mtikisiko usiingie, na ziache nafasi kutoka kwa kaboni.

Kamera isitokeze mbele ya fremu. Iwe ndani kidogo, na sahani za pembeni ziipite. Antena ya video itoke nje nyuma, imeshikwa na TPU. Antena ya risiva nayo iwe nje ya kaboni.

Betri inakaa juu ama chini, imefungwa na mkanda mmoja ama mbili, na chini yake kuna raba ya kuzuia isiteleze. Waya mnene wa betri ufunge kwa kinguzo na kamba ya plastiki. Kwa ajali betri huruka. Bila hiyo kamba, inang'oa waya pamoja na kipande cha bodi.

Kitu ya mwisho: weka king'ora kidogo. Ikianguka kwa miwa huko Nambale, utashukuru.

KUIREPEA KANDO YA SHAMBA

Beba hivi vitu: mikono 2, propela za kutosha, skrubu za M3 na nati, aleni ya 2, spana namba 8, selotepu, kamba za plastiki, supaglu.

Ikianguka, fuata hii njia:

1. Zima mota kwa kutumia rimoti kwanza, alafu utoe betri. Hakuna kushika droni ikiwa na umeme. Propela inakata kidole bila huruma.

2. Angalia betri. Kama imevimba, imetobolewa ama ina moto, iweke mbali na nyasi na watu. Usiirudishe.

3. Gonga kila mkono na shilingi. Kaboni nzima inalia kwa sauti kali. Iliyoachana ndani inalia kama mbao iliyooza. Ni ile ile fundi wa baiskeli anafanya akipiga spoki na kidole asikie iliyolegea.

4. Kama mkono umepasuka, toa skrubu 4 za mota, toa skrubu 2 za mkono, vuta, ingiza mpya, funga.

5. Kama ni ukingo tu umefunguka kama kurasa za kitabu, tia supaglu nyepesi ndani, banana na koleo hadi ikauke. Hiyo ni ya kukufikisha nyumbani, si ya kwenda nayo mbio.

6. Zungusha kila mota kwa mkono. Vumbi la murram linaingia kwa beringi. Ukisikia mchanga, safisha kabla hujarusha.

Kipimo cha kujua fremu yako ni fiti: mpe rafiki asiyejua droni, mpe vyombo viwili, mwambie abadilishe mkono. Akizidi dakika 10, rudi kwa mchoro.

Hii akili ya vipande vya kutoka haitumiki na watoto wa mbio tu. Zipline, ambao walianza kupeleka damu hospitalini Rwanda mnamo Oktoba 2016, droni zao zina mabawa, mwili na betri za kuunganishwa na kutenganishwa haraka. Kipande kikiumia, ndege hailali.

UKIKATA KABONI MWENYEWE

Kaboni inakatwa vizuri na mashine ya CNC. Unachora kwa programu ya bure kama FreeCAD, unatoa faili ya DXF, unampa mwenye mashine. Kama unalainisha kingo mwenyewe, fanya ikiwa imelowa maji, vaa barakoa na miwani. Vumbi lake linaingia kwa mapafu na kuwasha ngozi, na likiingia kwa kompyuta linaweza kuleta shoti. Usikatie ndani ya nyumba penye watoto wanalala. Ukimaliza, paka supaglu nyepesi kwa kingo. Inazuia maji na inachelewesha kuachana.

SHERIA: UKO MPAKANI, CHUNGA

Hapa hakuna mchezo. Kenya ina Kanuni za Droni za 2020 chini ya KCAA. Droni lazima isajiliwe, na kuileta kutoka nje kunataka ruhusa. Kuinunua upande wa Uganda na kuvuka nayo kwa begi pia ni kuileta kutoka nje. Ongea na KCAA kabla hujalipia kitu.

Alafu kuna ile yenu ya pekee. Mkataba wa Chicago wa 1944, kifungu cha 8, unasema chombo kisicho na rubani hakipiti juu ya nchi ingine bila ruhusa maalum ya hiyo nchi. Droni ya kilomita 120 kwa saa inamaliza kilomita moja kwa sekunde 30. Ukiwa umevaa miwani mjini Busia ama Malaba, unaweza kuwa umeingia Uganda kabla ya kona ya tatu, bila kupita kwa kile kituo cha pamoja kilichozinduliwa 2018. Na kule kuna polisi, jeshi na watu wa forodha ambao hawajui wewe ni wa mbio ama ni wa upelelezi.

Kwa hivyo tafuta uwanja mbali na mpaka, mbali na foleni ya malori na mbali na watu. Pata ruhusa ya mwenye shamba. Kaa na rafiki asiyevaa miwani, kazi yake ni kuangalia droni na mbingu. Na kwa programu ya bodi, hakikisha mota zinazima zenyewe ikipoteza rimoti.

ORODHA YA MWISHO KABLA UKATE KABONI

Mikono 4 inafanana na inageuzika? Skrubu zote ni M3? Skrubu za mkono hazishiki bodi? Mashimo yako mbali na ukingo? Propela zina nafasi? Ncha ya mkono inapita mota? Kamera iko ndani? Antena ziko nje? Waya wa betri umefungwa?

Kama jibu ni ndiyo kwa zote, kata ya plywood kwanza. Panga vitu vyote juu yake, chukua saa, toa mkono mmoja na uurudishe. Ikikubali, sasa unaweza kutoa doo ya kaboni.